Mti wa Bunduki ya Baba Yao

Habari ya kufariki kwa Mzee Shee ilinikuta Jidda, mtaa wa Ruwais, nikiwa nimekwisha kufanya umra na ninangoja ndege ya kurudi Mombasa. Nilikuwa nimeketi sakafuni kwa wenyeji wangu, mbele yetu sinia ya wali na samaki wa kukaanga, simu ikalia, na sauti ya binti yake kutoka Lamu ikaniambia, "Ami, baba ametutoka alfajiri ya leo." Nikasema yale tuliyofundishwa kusema, nikamwombea, kisha nikanawa mikono na sinia bado imejaa. Wenyeji wangu, vijana wa pwani wanaofanya kazi bandarini, waliniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Niliwajibu kwamba hatukuchangia damu. Alikuwa fundi aliyenifundisha kushika patasi, tuliishi chumba kimoja Riyadh nilipokuwa kijana, na mwaka mmoja tuliwekewa amana ambayo mpaka leo sijaisahau. Wakataka kusikia, nikawapa kwa ufupi, maana chakula kilikuwa kinapoa. Sasa nimerudi nyumbani, namshukuru Mola macho bado yanaona mstari, na ninaiandika kwa urefu wake. Ndugu wawili wenye kisa hiki nao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Hakuna wa kuumizwa na maneno haya.

Karakana yetu ilikuwa katika uchochoro nyuma ya mtaa wa Olaya, Riyadh. Leo ukipita Olaya unapita na treni, baridi na safi kama hospitali, na safari hii, nilipopita huko kabla ya umra, nilibandika uso kwenye kioo nikilitafuta paa letu la mabati nisilione. Pamesimama jengo la vioo. Wakati wetu, chini palikuwa na misumeno na harufu ya gundi, na juu palikuwa na chumba chetu: magodoro mawili, jiko la gesi, na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye ndoo tuliyoitumia kumwagilia mche wa ndimu wa Mzee Shee. Tulitengeneza milango na viti vya mapokezi vya mahoteli. Yeye alichonga, mimi nililainisha. Aliniita Maalim kwa sababu kabla ya kwenda Uarabuni nilikuwa nikisomesha madrasa, na Kiarabu changu kilikuwa cha vitabuni. Kafili wetu, yaani mdhamini wetu wa kazi, Abu Fahd, alisema nikiomba chai husikika kama khatibu aliyepanda mimbari. Alikuwa mtu mnene, mwenye ndevu za hina na sauti ndogo isiyolingana na mwili, na hakuwa mbaya kwetu. Hilo nalisema kwa shukrani, kwa sababu ikama zetu, vibali vyetu vya kuishi nchini, zilikaa kwenye droo yake, na tulikuwa na jirani zetu waliokuwa wakipita mbele ya makafili wao kama paka anayepita mbele ya mbwa.

Abu Fahd alipenda bunduki za kale, zile za kiaskari walizobeba baba zao. Zilikuwa zimezibwa mitutu, hazilii tena, kila moja ina kibali chake, na alizipanga ukutani kwenye majlisi yake, chumba cha kupokelea wageni. Alinunua vyuma huku na huku, kisha ikabaki kazi ya kuvitafutia kitako, yaani ule mti wa bunduki unaokaa begani na shavuni. Hapo ndipo palipokuwa na mabishano kila jioni ya Alhamisi. Je, utie kitako cha asili, cha zamani kama chuma chenyewe, ambacho kimepinda na kupasuka? Au utie cha kuiga, kilichochongwa juzi kiwandani, kimenyooka, hakina doa? Mimi na Mzee Shee tuliitwa kuketi karibu na mlango na kutoa maoni ya kifundi, na kahawa ilitufikia mwisho lakini ilitufikia. Mpinzani mkuu wa kafili wetu alikuwa jirani yake Abu Turki, mwanajeshi mstaafu.

"Kitako cha asili kikifika umri huo kinakuwa kama mimi," alisema Abu Turki. "Kimejikunja, hakikai sawa mahali pake. Tia kipya. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," alisema Abu Fahd.

"Wewe hata miwani yako hujui iko wapi."

"Iko kichwani."

"Umeipapasa sasa hivi ndipo ukajua."

Walicheka, kisha Abu Fahd akamgeukia Mzee Shee. "Wewe fundi, unatofautisha vipi?"

"Kwa kidole," alisema Mzee Shee. "Mti wa zamani kingo zake zimelala, zimelazwa na mikono ya watu. Wa kuiga kingo zake bado zinauma. Lakini bosi, wa kuiga si haramu. Haramu ni kuuita wa asili."

Abu Fahd alipenda jawabu lile, akalirudia kwa wageni wengine kana kwamba ni lake.

Ukutani palikuwa na bunduki moja isiyokuwa na mti kabisa. Ilikuwa chuma kitupu, kimetundikwa kwenye misumari miwili, na hakuna mgeni aliyeiuliza. Ilikuwa ya baba yake Abu Fahd. Mwenye kutueleza alikuwa dereva wake, Msudani, siku moja tukila naye ful, maharage ya kupondwa, na mkate wa tamis kwenye baraza ya karakana. Alisema mzee yule aliishi miaka yake ya mwisho Jidda, mtaa wa Al-Hamra, nyumbani kwa binti yake Umm Salim. Alikuwa na mazoea ya kuifungua bunduki na kuifuta, na siku moja alimpa mwanawe kile chuma akishughulikie kibali, mti ukabaki kando ya mto wa kitanda. Kabla kibali hakijatoka, mzee akafariki. Baada ya matanga Abu Fahd aliutaka mti. Dada yake akamjibu, "Umechukua chuma, niachie mti." Kaka akasema bunduki ni ya wanaume. Dada akasema wanaume hawakuwepo baba alipokuwa akigeuzwa kitandani. Tangu hapo hawakuwa wakisemeshana. Dereva alikunja mkate wake akasema, "Ukoo mzima umegawanyika kwa kipande cha kuni."

Nilikuwa kijana, na nilijua kwa moyo wanavyosema wanavyuoni juu ya kukata udugu. Lakini kujua jambo kwa kulisoma si sawa na kulala chini ya paa la mtu ambaye jambo hilo linamla. Abu Fahd alikuwa ameanza kuugua moyo mwaka ule. Alhamisi moja, wageni walipoondoka, alituambia tubaki. Alisema hataki tena kugombania mti wa asili, ila hawezi kufa na kile chuma kimetundikwa uchi vile. Mzee Shee akasema kwa upole kwamba mti ukiazimwa, yeye ataweza kuchonga mwingine uliofanana nao, na ule wa asili urudi kwa mwenyewe. Abu Fahd akanitazama mimi.

"Utakwenda wewe," alisema. "Nikimpeleka mwanangu, dada yangu atamfungia mlango. Wewe ni mtu wa Qurani, ataona haya."

Nilikwenda Jidda kwa basi nikiwa na hofu ya kwenda, na hiyo ilikuwa hofu ndogo. Nililala Ruwais, kwa Waswahili wenzetu, katika nyumba ya zamani ambayo upepo wa bahari ulikuwa umemenya chokaa yake. Walinipikia wali wa nazi na pweza, nikashindwa kula vizuri. Asubuhi, dereva akiwa amekwisha kupiga simu kusema nakuja, nikaenda Al-Hamra. Aliyenifungulia lango alikuwa dada wa Kikenya, jina lake Jane, mtu wa Nakuru, Mkristo, mwenye kanga kiunoni juu ya nguo ya kazi. Aliposikia Kiswahili changu alicheka mpaka akashika lango. "Wee, kumbe kuna watu wetu. Ingia, madam anakungoja tangu alfajiri, ameniuliza mara ngapi sijui." Akaniketisha sebuleni na kusimama kando ya mlango ulioachwa wazi, kama desturi ilivyotaka.

Umm Salim alikuwa mzee kuliko kaka yake, mwembamba, amejitanda, anatembea na bakora. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilizungumza Kiarabu changu cha vitabuni, na mahali fulani nikaona mabega yake yanatikisika kidogo, nikajua anacheka. Nilimwambia ukweli ulivyo: kaka yake anaumwa, hautaki tena mti wa asili, anaomba uigwe tu. Kisha akaingia ndani mwenyewe, akatoka na mti umefungwa kwa kitambaa cheupe, akaufungua mapajani. Ulikuwa umekoza weusi, hasa pale shavu linapolala, ukoko wa mafuta na jasho na moshi wa kahawa, mnene kama ngozi.

"Siupeleki kwa Nasir," alisema, akimtaja kaka yake kwa jina. "Naupeleka kwa huyo fundi wenu. Uende hivi ulivyo, urudi hivi ulivyo. Umenifahamu?"

Nilimwambia nimemfahamu, ni amana. Akaniuliza kama najua uzito wa neno hilo. Nikasema najua. Leo, nikiwa na ndevu nyeupe, nafikiri nilikuwa najua maana yake. Uzito ni kitu kingine.

Njia ya kurudi Riyadh ndiyo iliyonifundisha. Mti ule niliufunga ndani ya msala wangu wa kuswalia, nikaupakata. Kilikuwa kipande cha mbao tu, hakina hata msumari, lakini umbo lake halifichiki. Mtu yeyote akiugusa ndani ya msala alijua ni sehemu ya nini. Basi liliposimamishwa kwenye kizuizi jangwani, askari kijana akapanda kuangalia ikama, nikaukumbatia msala. Alifika kwangu. "Umebeba nini?" Nikafungua. Nikamweleza yote, kwa Kiarabu cha mimbari, mpaka na habari ya dada na kaka, kwa sababu hofu ilinifungua mdomo nikashindwa kuufunga. Aliwaita wenzake wawili. Wakaugeuza, wakaunusa, wakampigia simu Abu Fahd, na abiria wote wakanitazama kama niliyewachelewesha kwa makusudi. Mkubwa wao alinirudishia akasema, "Mrudishie mama huyo mti wake." Niliporudi kitini nilisoma kila ninachojua, na nilipomaliza nikaanza tena.

Abu Fahd hakuutazama. Hilo lilinishangaza sana. Alikuja karakana kila siku, na kila siku aligeuza uso kutoka kwenye meza ya Mzee Shee. "Haukuletwa kwangu," alisema. "Umeletwa kwa Shee. Nikiutazama nitautaka." Nilimheshimu mno siku zile. Mzee Shee alichagua mbao ya mjozi, akaipima na ule wa zamani, akachonga taratibu. Alipofika kwenye ufa wa zamani na shimo dogo la kugongwa, alisimama. Niliuliza kama atauiga na ufa. "Ufa wa kuiga ni uongo," alisema. "Nitaiga umbo. Majeraha ni ya mwenyewe." Wiki zile tulikula chakula kwa zamu, mmoja akila mwingine akiulinda mti. Nilimwambia maneno ya Umm Salim neno kwa neno: uende hivi ulivyo, urudi hivi ulivyo. Akaitika, "Naam, hilo linajulikana."

Ijumaa moja nilitoka mapema kwenda kuswali, nikapita kwa kinyozi, nikarejea saa ya chakula. Mzee Shee alikuwa amekaa juu ya mkeka, uso wake umetulia kama mtu aliyemaliza kutenda wema fulani. Mti wa asili ulikuwa mezani, nao uling'aa. Ule weusi wa shavuni haukuwepo. Alikuwa ameuosha kwa maji ya moto na sabuni, akaukausha, akaupaka mafuta ya nazi yaliyotoka Lamu, ambayo alikuwa akiyatumia kwa uchoyo kwenye kichwa chake mwenyewe. Rangi ya mbao ilikuwa imejitokeza, nyekundu ya ndani, na mishipa ya mti ikionekana kama mito kwenye ramani. Ulikuwa mzuri.

"Mbona umeduwaa, Maalim?" aliniuliza.

"Mzee Shee, alisema urudi hivi ulivyo."

"Hivi ulivyo, ndiyo. Sikuutoboa, sikuupiga randa, sikuupiga msasa hata chembe." Akanitazama kama mtu anayesomesha. "Mwanangu, jirani akikuazima sahani hukwambia irudishe safi? Hasemi. Atasema, aa, irudishe vivyo hivyo. Weye utairudisha na ukoko? Mamako angekuchapa. Mimi nimpelekee mama wa watu amana yake na uchafu wa miaka, aseme watu wa pwani hawana adabu?"

Watu wasiokuwa wa kwetu wataona ajabu, lakini mimi nilielewa kila neno. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Chombo cha watu hurudi kimesuguliwa, na ikiwezekana na kitu ndani yake. Hakuwa amekaidi sharti. Alikuwa amelitii kama anavyolitii mtu wa Lamu. Na bado nilihisi kama niliyesimama juu ya ngazi na mtu ameondoa kipandio. Nilitaka kuamini kwamba nilikuwa nimekosea kumwelewa Umm Salim, kwamba naye atafurahi. Nilijiambia hivyo nikila, nikajiambia hivyo nikiswali, na kila nikijiambia niliuona mkono wake mapajani, umelala pale palipokuwa peusi.

Mti mpya uliwekwa kwenye chuma. Abu Fahd aliushika, akauweka begani, akasema, "Mikono yako isipate moto, Shee. Ni mzuri." Baadaye kidogo akasema, si kwetu, "Lakini si wenyewe." Akautundika ukutani.

Nilirudi Jidda nikiwa na ule wa asili ndani ya msala. Safari hii basi halikusimamishwa, na ilinitia unyonge, kana kwamba hata askari hawakuuona tena kuwa kitu. Jane alinipitisha jikoni kwanza, kwa sababu madam alikuwa kwenye swala ya adhuhuri, akaniwekea chai ya maziwa ya kwao na mahamri aliyoyapika mwenyewe. "Kula, wewe. Umekonda kama ikama imeisha." Nilifungua msala kidogo ili nione kama mti haukuchubuka. Akachungulia. Kicheko kikafutika usoni mwake.

"Mmepanguza hii kitu?"

"Tumeisafisha," nilisema. "Kwa heshima."

"Ai, Mungu wangu." Aliketi kwenye kigoda. "Ndugu yangu, mimi hapa naosha kila kitu, naosha hadi majani ya maua. Hiyo mbao, siku ya kwanza kufika, niliigusa na kitambaa. Kitambaa tu. Madam hakunisemesha mpaka jioni. Kila Ijumaa anakaa nayo hivi." Akaweka kiganja shavuni, akafumba macho. "Anakaa tu. Halafu anairudisha. Sasa leo utajua hujui."

Niliyarudisha mahamri kwenye sahani. Niliwaza kuondoka. Niliwaza ikama yangu kwenye droo, na ikama ya Mzee Shee kando yake, na umri wake. Zaidi ya yote niliwaza kwamba baada ya miaka ya kimya, kitu cha kwanza dada huyu alichokitoa mkononi mwake kwenda upande wa kaka yake kilikuwa kinarudi kimeharibiwa, na sasa kimya kile kitakuwa jiwe. Nilimwomba Mwenyezi Mungu anipe subira, na nilikuwa sijamaliza kuomba bakora ikasikika sakafuni.

Aliupokea kwa mikono miwili. Alifungua msala, akatazama. Akaupandisha taratibu mpaka shavuni, akafumba macho kama Jane alivyonionyesha. Alikaa hivyo kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Alipoushusha macho yake yalikuwa makavu.

"Nani ameuosha?"

Nilimweleza. Sikumficha kitu. Nikamweleza habari ya sahani ya jirani, na mama zetu, na mafuta ya nazi ambayo mzee alijinyima. Alisikiliza mpaka mwisho, kama mara ya kwanza.

"Kwenu chombo hakirudi na uchafu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Huo uchafu alikuwa baba yangu." Alisema bila hasira, na ingekuwa rahisi kwangu kama angepiga kelele. Kisha akauliza, "Kitambaa alichofutia kiko wapi?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilitoka uani nikampigia Mzee Shee, nikamuuliza. Nilipomsikia anavuta pumzi nikajua ameshaelewa kila kitu, bila mimi kumwambia. "Nimekifua, Maalim," alisema. "Nimekianika, kimekauka, nimekikunja." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka katika sentensi moja. Nilirudi ndani nikamwambia Umm Salim. Akatikisa kichwa pole pole, na nikaona mabega yake yanatikisika kidogo kama siku ile ya kwanza, lakini safari hii sikuweza kujua kama anacheka.

Aliufunga mti kwa kitambaa chake cheupe, si kwa msala wangu, akanipa.

"Mpelekee Nasir. Sasa ni mti tu, na mti wa bunduki mahali pake ni kwenye chuma chake. Ule mpya niletee mimi. Huo haukumjua baba, sitautazamia kitu." Niliupakata ule mzigo nikaaga. Nilipofika mlangoni aliniita. "Wewe mtu wa Qurani. Usimwambie kwamba umeoshwa."

Nilimwahidi. Njiani nilikuwa nimebeba amana mbili, na ile ya maneno ilikuwa nzito kuliko ile ya mbao. Sikujua kwa nini ameniomba hivyo. Nilidhani ni kiburi, kwamba hataki kaka yake ajue amepewa kilichoharibika. Na ikiwa hivyo, basi ni ugomvi ule ule umevaa nguo nyingine, na mimi ndiye niliyeubeba. Nilidhani pia kwamba Abu Fahd atauona tu. Atauliza, na mimi siwezi kusema uongo, na nimeahidi kutosema kweli. Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na bado sijui mtu hufanya nini hapo isipokuwa kuomba asiulizwe.

Tulimkabidhi jioni ya Alhamisi, lakini hakuwa amewaruhusu wageni. Tulikuwa sisi wawili karibu na mlango, na yeye peke yake kwenye takia. Mzee Shee hakuwa amekula tangu jana yake. Abu Fahd alikifungua kitambaa cheupe, na nadhani alikitambua kitambaa kabla ya kuutambua mti.

"Ameniazima?" aliuliza.

"Amekupa," nilisema.

"Mmemshawishi vipi?"

"Hatukumshawishi, bosi. Ametoa mwenyewe."

Hakuuliza zaidi. Alimwomba Mzee Shee autoe ule mpya, wa kupelekwa Jidda, aufunge huu kwenye chuma pale pale. Mikono ya mzee ilifanya kazi, uso wake umeinama. Ilipokamilika Abu Fahd akaichukua bunduki ya baba yake, akaiweka begani, akalaza shavu. Mimi nilitazama zulia. Nilingoja aseme, huu umefanywa nini. Badala yake nilisikia anaomba simu yake. Moyo wake ulikuwa mbovu na masikio pia, kwa hiyo aliiweka sauti ya nje na kuilaza juu ya takia. Ikalia mara kadhaa. Kisha sauti ya Umm Salim ikajaza majlisi.

"Naam."

"Mimi Nasir."

"Najua."

Tulisikia upande wa pili mlango ukifungwa, na Jane akikohoa.

"Dada," alisema Abu Fahd, na shavu lake bado liko juu ya mti. "Bado unanukia baba."

Mzee Shee aliushika mkono wangu, akaukaza mpaka ukaniuma. Chumba kizima, kwa pua zetu sisi watu wa pwani, kilinukia mafuta ya nazi. Nilingoja sauti ile kavu iseme ilichokuwa na haki ya kusema.

"Naam, ndugu yangu," alisema Umm Salim. "Ndiye yeye. Ndiyo maana nimekupa."